Zedekiah Aliyeipigia Ardhi Hodi

Kila asubuhi, kabla ya kuchimba shimo la waridi, Zedekiah alipiga magoti, akachomoa spoku, ule waya mgumu wa gurudumu la baiskeli, iliyokaa ndani ya soksi yake, akaiingiza udongoni kwa mshazari, polepole, kama mama anayepima kiazi kama kimeiva. Akaitoa. Akasogea upana wa vidole vinne, akaiingiza tena. Akimaliza hivyo ndipo alipochukua jembe. Watumishi wenzake wa mtaa wa Woodley walisimama kwenye ua wakimcheka. Walimwita Bwana Hodi. Walisema huyu hawezi kuingia hata udongoni bila kubisha.

Nami nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka ule wa 1957, kichwa kimejaa vitabu, nimeajiriwa na kanisa dogo la mabati nyuma ya Woodley kufundisha katika shule ambayo bado haikuwa na ukuta wala paa. Zedekiah alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya tatu kutoka barabara ya Ngong. Nilimwona mtu mpole wa miaka arobaini hivi, mwenye koti la jeshi lililochakaa, nikadhani nimemmaliza kwa kumtazama mara moja. Ujinga wa msomi ni mbaya kuliko ujinga mwingine, maana una cheti.

Alizaliwa Kimilili. Mwaka 1942 alitembea kwa miguu hadi Bungoma kujiandikisha, akitumaini kufundishwa kuendesha lori. Badala ya usukani alipewa singe, kile kisu cha bunduki, akaambiwa alale kifudifudi. Alikuwa ametiwa katika kikosi cha uhandisi, na kazi ya kikosi chake huko Bama, nchi ya ng'ambo iliyokuwa imetekwa na Wajapani, ilikuwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wajapani waliyafukia njiani, chini ya madaraja, katika mashamba ya mpunga yaliyokauka. Vita viliposonga mbele, kikosi cha Zedekiah kilibaki nyuma kusafisha vijiji, ili wenyewe warudi kulima.

Aliniambia hajawahi kumpiga mtu risasi. "Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia watu mlango wa kwao," alisema.

Na kikosi kile kilikuwa na desturi moja. Shamba likiisha kusafishwa, wenye kijiji waliitwa wakasimama kando. Aliyelisafisha alilikanyaga wa kwanza, na buti zake, kwa kishindo, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Baada ya hapo tu ndipo mtu aliposema shamba ni safi. Asiyethubutu kulikanyaga hakuwa na haki ya kulisemea.

Vita viliisha. Wazungu waliopigana upande mmoja naye walipewa mashamba katika nchi yetu, ekari kwa mamia. Zedekiah alipewa koti, medali moja, na karatasi ya kumwachisha kazi. Nimeisoma karatasi hiyo kwa macho yangu. Mahali pa ujuzi pameandikwa: Hana. Mikono iliyofungua mabomu mia mbili haina ujuzi. Ikapewa waridi za mtu mwingine izimwagilie maji.

Sasa nieleze kuhusu uwanja.

Nyuma ya Woodley, unapoteremka kuelekea Kibera, palikuwa na ekari nne za majani marefu ambazo hazikuwa na mwenyewe. Wakati wa vita askari waliokuwa wakienda ng'ambo walijifunzia pale kupiga mota, ule mzinga mdogo unaorusha bomu juu angani ili liangukie mbali. Waliondoka, seng'enge ikaibwa, majani yakaota. Kando ya uwanja huo watu waliotoka magharibi mwa nchi, wapishi, waashi, matarishi na madobi, walijenga kanisa lao. Watoto wa waajiri walipelekwa shule kwa magari. Watoto wa wapishi walishinda nyuma ya jiko. Miaka minne kanisa liliandika barua kuomba uwanja ule uwe shule, na mwishowe ofisi moja mjini ikakubali, kwa sharti moja: shule ifunguliwe mwezi wa Januari, la sivyo ardhi irudi. Pamoja na kibali ilikuja karatasi yenye sahihi ya meja mmoja wa jeshi. Ilisema uwanja umekaguliwa na hauna hatari.

Wazee waliitia karatasi hiyo kwenye fremu, wakaitundika karibu na madhabahu. Nikaandikisha watoto sitini na wawili. Mmoja wao alikuwa Namalwa, binti wa Zedekiah, mwenye miaka saba.

Jumapili moja ya Novemba tuliitisha mkutano wa wazazi. Zedekiah alikuwa hajawahi kusali pale, kwa sababu mwajiri wake alikuwa na wageni kila Jumapili. Siku hiyo alipata ruhusa. Tulikuwa tunateremka kijia, yeye, mkewe Nanjala na mimi, mara kengele ikapigwa.

Du.

Zedekiah alisimama. "Mwalimu, hiyo ni nini?"

"Kengele ya kanisa."

Du.

"Kengele hailii hivyo," alisema. "Hicho ni chuma kilichoshiba."

Sikumwelewa. Kengele yetu ilikuwa na sauti mbaya, hilo kila mtu alilijua, na waumini walisema ina mafua. Watu waliokuwa wakikata majani waliiokota pembeni mwa uwanja miaka miwili nyuma: chuma kizito chenye umbo la samaki, na mapezi mkiani. Mapezi yale yalikuwa mazuri kwa kufungia waya. Wakakitundika kwenye mkaratusi, kichwa chini. Tobias, saidia fundi kutoka Siaya, ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Kwa kuwa haikusikika mbali, alikuwa ameamua kwamba kosa ni la nyundo, na Jumapili hiyo alikuwa amekuja na nyundo kubwa zaidi kutoka kazini.

Zedekiah hakukimbia. Alitembea upesi, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya gwaride. "Tobias. Usipige tena."

Tobias alibaki na nyundo hewani, akacheka. "Bwana Hodi. Leo unakuja kubisha mpaka kanisani?"

"Shusha nyundo. Polepole. Iweke chini, usiitupe."

"Nyundo yenyewe ni ya kuazima, mzee. Wacha niitumie kabla mwenyewe aikumbuke."

"Ndugu yangu, hilo ni bomu la mota, na bado lina chakula chake tumboni. Umelipiga miaka miwili. Mimi sijui Mungu wako alikuwa anafanya kazi saa ngapi."

Tobias alitazama nyundo, akatazama kengele, akatazama nyundo tena. Aliilaza kwenye majani kama mtoto aliyelala. Kisha akaketi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda bila kelele. Zedekiah aliwatoa watu kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, bila kukimbia, hadi ng'ambo ya barabara. Alichukua mchanga tuliokuwa tumeuleta kwa ajili ya kujengea shule, akaujaza katika magunia, akayapanga kuzunguka mti. Bomu lenyewe hakuligusa. Nilimwuliza kwa nini asilishushe. Akanijibu kwamba bomu lililopigwa nyundo kila Jumapili na likavumilia halipaswi kujaribiwa tena. Akafunga kamba kuzunguka mahali pale, hatua mia kila upande, akaja kutukuta chini ya ukingo wa barabara ambapo wazee walikuwa wameanza kugombana.

Mwenyekiti wa kanisa aliitwa Nashon, mpishi wa siku nyingi, mtu mwenye busara na hofu kwa kipimo kilekile. "Tufikiri," alisema. "Tukienda kusema uwanja una mabomu, watauchukua. Watasema wenyewe mmekataa. Januari itapita na shule imekufa. Hilo moja limeshatoka. Labda lilikuwa peke yake."

"Na tena kuna Hali ya Hatari," akasema Tobias, ambaye rangi ilikuwa haijamrudia. "Mtu akikutwa na risasi moja tu ananyongwa. Sisi tumekaa na bomu zima, tumeliimbia nyimbo. Wataniuliza mimi, wewe Tobias ulikuwa unamwita nani kwa hiyo kengele?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Sheria ile haikuwa mzaha. Wote tulikuwa na jirani aliyechukuliwa asirudi.

"Basi tulizike hapo hapo mchana huu," mmoja akasema. "Tusahau."

"Ukilizika, umelipanda," Zedekiah akasema.

Ndipo Nanjala aliposimama. Alikuwa mwanamke mfupi, fundi wa kushona, asiyezungumza mikutanoni. "Baba Namalwa, nijibu mbele ya hawa. Yako mengine?"

"Yako. Askari wanaojifunza hawapigi moja. Wanapiga mamia, na katika mamia yapo yanayokataa kulipuka. Yanalala tu."

"Basi, mwalimu, futa jina la Namalwa," akaniambia. "Mtoto wangu hatakanyaga mahali palipokaguliwa na karatasi. Siku baba yake atakapopakanyaga mwenyewe, utaliandika tena."

Mama wa pili akasema futa na la kwangu. Wa tatu vilevile. Nilisimama pale na daftari langu, na shule yangu ikawa inayeyuka jina baada ya jina. Mambo yakawa wazi kama mchana. Tukisema, ardhi inaondoka. Tukinyamaza, watoto watacheza juu ya mabomu. Na njia pekee ya kati ilipita kwenye kifua cha mtunza bustani mmoja ambaye serikali ilisema hana ujuzi.

"Kesho nakwenda mjini," Zedekiah akasema. "Nitasema nimeliona mimi. Atakayefungwa awe mimi."

Jumatatu alivaa koti lake, akabandika medali, tukapanda basi pamoja. Nilikuwa nimeandika barua usiku kucha, kurasa sita, juu ya haki na dhuluma. Katika ofisi ile, barabara mbili kutoka msikiti wa Jamia, tulipokewa na karani aitwaye Shamsudin, Mswahili wa Lamu mwenye kofia ya vito, ile ya kutarizi, na kalamu mbili mfukoni.

"Karibuni, mabwana. Mna miadi?"

"Hatuna," nikasema.

"Basi mna subira. Hiyo nayo ni miadi, ila haina saa. Ketini."

Alisoma barua yangu mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Mwalimu, waraka huu una hasira nyingi na vituo vichache. Ukimpa Meja ataisoma hasira, hatalisoma bomu. Mzee huyu ndiye mwenye bomu?"

Zedekiah akamweleza yote kwa maneno machache. Shamsudin alisikiliza huku akizungusha kalamu. Zedekiah alipofika kwenye desturi ya kukanyaga shamba, karani akaacha kuizungusha kalamu, akamwomba aieleze tena. Kisha akatuingiza ndani.

Meja alikuwa mtu mwekundu, mwenye meza kubwa. Zedekiah alipiga saluti iliyofanya vikombe vitikisike. Akataja jina, namba, kikosi. Akasema ameona bomu la mota limetundikwa mtini, na kwamba limetoka katika uwanja wa shule.

"Iko karatasi," Meja akasema. "Mimi kwisha andika. Ile safi."

"Bwana Meja aliukanyaga?"

"Mimi iko kazi mingi. Ile bomu tupu, takataka ya vita. Wewe shambaboi. Nani nafundisha wewe maneno ya bomu?"

"Serikali ya bwana Meja," akajibu Zedekiah.

Uso wa Meja ulizidi wekundu. Aliinuka, akauliza ni nani aliyekaa na silaha hiyo miaka miwili, na kama sisi tunajua sheria ya nchi hii ni nini. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye simu. Nilijua anataka kuita polisi. Zedekiah hakusogea. "Kama kuna wa kufungwa, bwana, amesimama mbele yako. Lakini watoto wasiingie kwanza katika ule uwanja."

Hapo Shamsudin akakohoa mlangoni. Aliinama kidogo, mtu wa adabu kamili. "Bwana Mkubwa aniwie radhi. Hawa ni watu wa kanisa, hawajui kueleza. Wamekuja kutoa mwaliko. Jumamosi wanapokea uwanja rasmi. Wazazi wote watakuwapo, na mpiga picha wa gazeti. Kwa desturi yao, aliyetia sahihi ndiye hupewa heshima ya kuukanyaga wa kwanza. Huyu mzee atatangulia kumwonyesha njia, basi."

Mkono wa Meja uliiacha simu. "Mpiga picha?"

"Naam, bwana."

"Saa ngapi?"

Tulipotoka nje nilimwambia Shamsudin kwamba hatukuwa tumesema neno lolote kuhusu mwaliko. "Ah, ndugu yangu," akasema, "nimemwomba tu afanye alichoandika kuwa hakina hatari. Mpiga picha nitamtafuta mimi. Nanyi mtafute kamba."

Juma lile Tobias aliomba ruhusa kazini, akakaa kando ya kamba kutwa nzima akifukuza mbuzi na wadadisi. Aliwaambia wapita njia kwamba kengele ni mgonjwa na daktari amekataza wageni.

Jumamosi watu walijaa kando ya barabara hadi karibu na pale yalipokuwa yakijengwa maduka ya Adams. Meja alikuja na sare iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa, na mkewe mwenye kofia ya maua. Mpiga picha wa Shamsudin alikuwa amesimama juu ya sanduku. Wazee walikuwa wameitoa karatasi ukutani pamoja na fremu yake, Nashon ameishika kifuani.

Zedekiah alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Bwana Meja atanifuata nyuma. Nikitoa mguu wangu mahali, hapo ndipo aweke wake. Si penginepo."

Meja aliwatabasamia watu. "Sawa, sawa. Desturi yenu."

Zedekiah akalala kifudifudi penye majani, kama alivyolala Bama. Akachomoa spoku. Akaichomeka, akaitoa, akasogea vidole vinne. Nilisikia mtu mmoja akianza kucheka, akanyamaza mwenyewe. Mwendo ule haukuwa wa kuchekesha tena ulipokuwa mahali pake. Jua liliwaka. Robo saa ilipita, wakawa wameingia hatua sita. Jasho lilikuwa limeloanisha kola ya Meja, na mpiga picha alikuwa ameshusha kamera yake kupumzisha mkono.

"Maneno mingi sana," Meja akasema, akasogea hadi begani mwa Zedekiah, akanyanyua mguu ampite.

"Simama."

Zedekiah hakugeuka, wala hakupaza sauti. Lakini lilikuwa neno la mtu aliyezoea kutiiwa, na mwili wa Meja ulitii kabla cheo chake hakijakumbuka kukataa. Akabaki na mguu mmoja juu, kama korongo.

Spoku ilikuwa imegusa kitu. Zedekiah aliiweka kando. Akafukua kwa ncha za vidole, akapuliza vumbi, akafukua tena. Likajitokeza pezi la chuma lenye kutu, kisha la pili. Palikuwa shibiri mbili mbele ya kiatu kile kinachong'aa, pale pale ambapo kingetua.

Watu mia tatu walirudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Mke wa Meja aliweka mkono mdomoni.

"Rudisha mguu, bwana," Zedekiah akasema, sasa kwa upole. "Palepale ulipokuwa. Vizuri. Sasa rudi kinyumenyume, nyayo zako zilezile. Mimi nakushika." Akainuka, akamshika mkono, akamrudisha hatua baada ya hatua, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Walipofika kwenye kamba Meja alikuwa mweupe kama chokaa. Akanyoosha mkono, Nashon akampa fremu. Meja akaivunja kioo kwa kalamu yake mwenyewe.

Sikumpenda mtu yule, wala sipendi utawala uliomleta. Lakini nitasema yaliyo haki: hakutafuta uwongo wa pili. Aliigeuza karatasi, akaandika nyuma yake kwamba uwanja si salama na kwamba askari wa uhandisi wataletwa kuusafisha.

"Andika pia kwamba ardhi ni ya shule, hata kama Januari itapita," Zedekiah akamwambia. "Na kwamba waliotundika chuma walikuwa hawajui ni nini."

Aliandika. Akatia sahihi, na safari hii alijua anatia sahihi juu ya nini. Mtu asiye na ujuzi alikuwa amemsomesha Meja somo lake lote kwa robo saa, mbele ya watu, bila kumtukana.

Wanajeshi sita walifika Jumatano na Sajini Muli wa Machakos, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyochongwa. Siku ya kwanza walishughulika na kengele. Walizidisha magunia, wakavuta waya mrefu, wakatulaza sote katika mtaro. Mlipuko uliukata mkaratusi ule kama nyasi, na madirisha ya Woodley yakalia kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Vumbi lilipotulia, mti ulikuwa kisiki. Tobias alikitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nilikuwa nabisha mlango wa nani?"

Kazi ilichukua siku kumi na tisa. Zedekiah hakuwa na cheo, lakini kila asubuhi Sajini Muli alimwuliza yeye waanzie wapi. Walipima uwanja kwa kamba, wakaukata vipande vyembamba kama vitambaa, wakalala mmoja katika kila kipande. Sajini aliicheka spoku siku ya kwanza. "Mzee, hiyo ni silaha au ni kijiti cha meno?" Siku ya tatu alikuja kumwomba moja. Akasema singe ni nene, haisikii. Siku ya tano askari wote sita walikuwa na spoku, na mwenye duka la baiskeli pale barabarani alishangaa jeshi limepatwa na nini.

Waajiri wa Woodley walilalamika juu ya madirisha yao. Mwajiri wa Zedekiah alilalamika juu ya waridi. Nanjala alileta uji kila siku saa nne, akaketi nje ya kamba na kushona, akimtazama mumewe. Nilimwuliza kama anaogopa. "Miaka kumi na miwili nimelala na mtu huyu," alisema, "na sikujua alifanya nini huko. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ya aibu. Sasa namwona. Niache nimtazame."

Walitoa mabomu ishirini na matatu. Moja lilikuwa chini kabisa ya mahali nilipokuwa nimechora mlango wa darasa langu.

Siku ya kukabidhi uwanja Januari ilikuwa imeshaingia. Watu walirudi kando ya kamba. Zedekiah alivaa buti alizoazimwa na Sajini Muli, akaingia uwanjani peke yake. Akatembea. Aliinua goti, akashusha buti kwa kishindo, akainua jingine. Alifika mwisho, akageuka, akarudi kwa mstari mwingine, akaenda tena. Asubuhi nzima alikwenda na kurudi, na hakuna aliyeondoka. Watu walianza kumpigia makofi ya mwendo, kwanza wachache, kisha wote, hadi ardhi yote ikawa inatembea pamoja naye. Alipokanyaga mstari wa mwisho alisimama katikati, akafuta uso, akanyoosha mkono.

Nanjala alivua viatu. Akamshika Namalwa mkono, wakavuka kamba, wakatembea peku hadi alipo. Nikafungua daftari.

Nilipofika kwenye safu ya kazi ya mzazi nilitaka kuandika kitu kikubwa. Niliwaza maneno ya fahari, mtaalamu, mhandisi, shujaa. Nikamwuliza aniambie mwenyewe.

"Andika mtunza bustani," akasema. "Ndiyo kazi. Kuandaa udongo."

Nikaandika hivyo, na chini yake nikaandika namba ya mabomu. Baadaye ofisi ya elimu iliniuliza namba ile ni ya nini. Niliwaambia waje waisome uwanjani.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Kwa kengele, Shamsudin alikuwa ametuletea kipande cha reli, kimefungwa katika gazeti kama samaki. Tulikitundika kwenye nguzo mpya. Watoto sitini na wawili walipanga mstari kando ya barabara, na Tobias akasimama na nyundo mkononi. Hakupiga. Alimtazama Zedekiah.

Zedekiah alikuwa anapita kwenda kazini. Alisimama, akaja, akakigonga kile chuma kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Kililia kidogo, kwa sauti nyembamba na safi.

"Hakina kitu," akasema. "Piga, Tobias. Piga mpaka wakusikie Loresho, ng'ambo ya mji."

Tobias akapiga, na watoto wakatimka kuingia uwanjani, kila mmoja kwa njia yake, bila hata mmoja kutazama chini.